Vifaa nafuu vya kuonea ndani ya jicho kwenye upasuaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa uhandisi wa vifaa tiba, kwa madaktari wa macho, na kwa wafadhili wawili watatu waliotaka kujua fedha zao zitafanya nini. Anayejibu ni fundi, si daktari. Kazi yangu ni kufungua mashine zilizogoma, na majibu yangu yana harufu hiyo.

Upasuaji wa macho unahitaji vifaa gani vya mwanga, na kipi kinakosekana zaidi?

Viko vya kukagulia: oftalmoskopu, ambayo Hermann von Helmholtz aliibuni mwaka 1851, na ile mashine ya mezani ambapo mgonjwa anaweka kidevu na daktari anammulika kwa mstari mwembamba wa mwanga. Viko vya kupimia urefu wa jicho na mkunjo wa konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, ili ijulikane lenzi ya bandia ya namba gani iwekwe. Halafu viko vya thieta yenyewe, yaani hadubini ya upasuaji na, kwa waliojaliwa, mashine ya OCT, inayopiga picha ya tabaka za ndani za jicho kwa mwanga, iliyofungwa juu yake.

Ukiniuliza kinachokosekana zaidi, sitataja OCT. Nitataja balbu, fyuzi, na mtu mwenye ruhusa ya kufungua kabati la spea.

Miwani ya kukuza haitoshi?

Kwa kope na majeraha ya nje inatosha. Hata mtoto wa jicho, kambi nyingi za zamani zilimtoa kwa miwani ya kukuza tu, na watu walirudi kwao wakiona. Lakini kaa siku moja nyuma ya mpasuaji utaelewa kwa nini haachi hadubini yake.

Mwanga wa hadubini unaingia kwenye mboni karibu sambamba na mstari wa macho ya mpasuaji, unagonga nyuma ya jicho, unarudi ukiwa na wekundu wa rangi ya chungwa. Mboni yote inawaka kama kaa lililopulizwa. Juu ya wekundu huo ndipo utando wa lenzi unapoonekana: mkunjo, mchaniko, kipande cha mtoto wa jicho kilichojificha pembeni. Utando wa nyuma wa lenzi una unene wa maikromita 4 hivi pale katikati, wakati unywele wa kawaida una kama 70. Ukipasuka bila wewe kujua, ute wa ndani ya jicho unasogea mbele, na kazi ya dakika kumi inageuka ya saa nzima, pengine na mgonjwa akaondoka bila lenzi siku hiyo.

Kwa hiyo anayetaka kubuni hadubini nafuu asihangaike na ukuzaji. Ukuzaji unapatikana kwa bei poa. Kazi ni kuiweka taa karibu kabisa na mstari wa macho bila kuziba macho yenyewe. Niliwahi kuonyeshwa mfano wa majaribio wa mwanafunzi mmoja: kamera nzuri, stendi imara, taa imekaa pembeni kwa nyuzi kama 20. Picha ya konea ilikuwa safi mno. Mboni ilikuwa nyeusi tii, kama shimo la choo. Tulisogeza taa kwa kioo kidogo cha kugawa mwanga, mboni ikawaka, kijana akapiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Jambo la pili ni kina. Mpasuaji anatumia macho mawili, anahisi ncha ya kifaa iko juu au chini ya utando. Kamera moja na skrini vinamnyima hilo. Na picha ikichelewa hata sehemu ya kumi ya sekunde, mkono unayumba.

OCT ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Ukitupa jiwe kisimani unahesabu mpaka usikie chubwi, unajua kina chake. Mashine ya mawimbi ya sauti inafanya hivyo hivyo tumboni kwa mjamzito. OCT inafanya kwa mwanga, ila kuna kikwazo: mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na kutofautisha tabaka mbili zilizoachana kwa maikromita 10 ungehitaji saa inayohesabu femtosekunde, yaani sehemu ya milioni ya bilioni ya sekunde. Hakuna saa ya umeme inayoweza.

Ujanja wake ni kuugawa mwanga mara mbili. Nusu inakwenda kwenye kioo ambacho umbali wake unajulikana, nusu inakwenda jichoni. Zikirudi zinakutanishwa. Mawimbi yaliyosafiri umbali sawa yanaimarishana au kufutana, na yale yasiyolingana hayajibu kitu. Kutokana na mchoro wa kuimarishana na kufutana kule, kompyuta inajua kila tabaka la retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, liko wapi. Ukirudia mstari baada ya mstari, unapata picha ya retina iliyokatwa kama mkate, na hakuna kisu kilichogusa mtu.

Wazo hili lilichapishwa mwaka 1991 na kundi la MIT walimokuwamo David Huang, James Fujimoto na Eric Swanson, na mashine ya kwanza ya macho iliingia sokoni mwaka 1996. Zile za mwanzo zilikuwa na kioo kinachotembea mbele na nyuma, polepole. Za sasa hazisogezi kioo. Zinapasua mwanga uliorudi katika rangi zake na kufanya hesabu ya Fourier, inayougeuza mchoro wa rangi hizo kuwa umbali.

Kwa mwanafunzi anayetaka kujua usahihi: zidisha 0.44 kwa mraba wa urefu wa wimbi, ugawe kwa upana wa rangi, yaani wigo wa mawimbi yaliyomo kwenye mwanga. Taa ya nanomita 840 yenye upana wa nanomita 50 inakupa maikromita 6 hivi hewani, kama 4.5 ndani ya tishu. Ona kwamba upana wa rangi ndio unaofanya kazi. Leza yenye rangi moja kali, ambayo wengi hudhani ndiyo bora, hapa haifai.

Kwa nini basi inauzwa makumi ya maelfu ya dola?

Vitu vinavyokula fedha ndani ya boksi ni diodi ya mwanga mpana, spektromita (kifaa kinachopasua mwanga katika rangi zake) na kamera yake ya mstari, vioo vidogo vinavyotikisika kuupeleka mwanga huku na huku, na kompyuta. Hataza za mwanzo zilishapitwa na muda, kwa hiyo si hizo tena.

Nje ya boksi kuna gharama ambazo mhandisi kijana hazioni: majaribio ya kitabibu, vibali, bima, wakala na faida yake, mafunzo, na mkataba wa matengenezo wa kila mwaka ambao katika miaka michache unaweza kukaribia bei ya mashine. Ongeza tiketi ya fundi anayepanda ndege kuja kubadilisha kitu ambacho mimi ningekibadilisha kwa bisibisi kama ningepewa kitabu cha matengenezo. Hilo la kitabu linaniuma. Mashine inakuja na mwongozo wa mtumiaji katika lugha kumi na nne, mwongozo wa fundi haumo hata katika moja.

Kuna aliyefanikiwa kuishusha bei?

Ndiyo. Maabara ya Adam Wax katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilitengeneza OCT ya kubebeka ambayo vipande vyake viligharimu chini ya sehemu ya kumi ya bei ya rejareja ya mashine za kawaida, na ni nyepesi kuliko hizo mara 15 hivi. Mwaka 2019 walionyesha picha za macho ya wagonjwa. Ninachokipenda pale ni spektromita. Kwa kawaida inachongwa kwa chuma kizito ili joto na mitikisiko isipotoshe njia ya mwanga. Wao walichapa nyumba yake kwa plastiki ya printa ya 3D, lakini njia ya mwanga wakaizungusha duara, ili plastiki ikivimba kwa joto ivimbe pande zote sawasawa na vioo vibaki vimetazamana. Ukishafanya kazi Dar es Salaam mwezi wa pili katika chumba ambacho kiyoyozi kimekufa, wazo kama hilo unalivulia kofia.

Mfano mkubwa zaidi si wa mashine, ni wa lenzi. Hospitali ya macho ya Aravind huko Madurai, India, iliyoanzishwa na Dk. Govindappa Venkataswamy mwaka 1976, ilichoka kununua lenzi za bandia kutoka nje kwa zaidi ya dola 100 moja. Mwaka 1992 ikaanzisha kiwanda chake, Aurolab, na bei ikaporomoka chini ya dola 10. Walianza kwa kujua idadi yao: walikuwa na wagonjwa wengi wa kutosha kukilisha kiwanda.

Na kwetu? Hadubini ya OpenFlexure, iliyobuniwa Uingereza na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Bath, imetengenezwa na kujaribiwa Tanzania kwa ushirikiano na Taasisi ya Afya ya Ifakara. Ni ya kusomea vimelea vya malaria kwenye damu, si ya jicho. Lakini inasogea kwa plastiki inayopinda badala ya gia na skrubu za bei, na sehemu ikivunjika usiku unachapa nyingine, asubuhi inafanya kazi. Atakayeleta fikra hiyo kwenye kipimo cha jicho atakuwa ametusaidia sana.

OCT ndani ya thieta ina faida ya kweli, au ni fahari tu?

Kwa upasuaji wa retina na wa konea ina faida. Mpasuaji anapomenya utando mwembamba juu ya makula, yaani katikati ya retina, anaweza kuona hapo hapo kama kipande kimebaki. Anapopandikiza tabaka la ndani la konea, anaona kama limeshika au kama kuna maji katikati, na kama limegeuka juu chini. Hadubini peke yake haimwonyeshi vizuri kwa sababu vitu vyote hivyo ni angavu, kama mfuko wa plastiki ndani ya ndoo ya maji.

Kwa mtoto wa jicho, ambaye ndiye anayejaza foleni zetu kuliko ugonjwa mwingine wowote unaopasuliwa, faida ni ndogo. Mpasuaji mzoefu wa njia ya tundu dogo bila kushona anahitaji mng'ao mwekundu mzuri na kiti kisichoyumba. Mfadhili aliyeniuliza kama atoe OCT ya thieta kwa hospitali ya mkoa yenye daktari mmoja wa macho nilimjibu kwa swali: hadubini iliyopo ina balbu ya akiba? Alikwenda kuuliza. Haikuwa nayo.

Basi ukipewa fedha kidogo, ungeanza wapi?

Kwenye kipimo cha kabla ya upasuaji. Hili ndilo ninalolisema kila mahali hadi wengine wananikwepa.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 23 na nusu hivi. Ukikosea milimita moja, miwani atakayohitaji mgonjwa inabadilika kwa dayopta 2.5 hadi 3 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Huyo umemtoa mtoto wa jicho vizuri kabisa, utando mzima, kidonda safi, na bado haoni uso wa mjukuu wake ng'ambo ya meza. Anarudi kijijini kusema upasuaji haufai, na majirani watatu hawaji.

Kipimo cha kawaida kwetu ni cha mawimbi ya sauti, ambapo kipira kidogo kinaguswa kwenye konea iliyotiwa ganzi. Mkono mzito ukibonyeza, jicho linafupika na namba inadanganya. Kipimo cha mwanga hakigusi kitu. Mgonjwa anatazama nukta, mashine inasoma, basi. Kinatumia kanuni ile ile ya OCT, ila kinahitaji mstari mmoja tu badala ya picha nzima. Havihitajiki vioo vya kutikisika, na hesabu ni ndogo. Kwa mhandisi anayetafuta mradi unaowezekana, uko hapo.

Lakini kuna mtego, na ndio unaotenganisha aliyesoma makala na aliyefika kliniki. Wagonjwa wetu wengi wanakuja wamechelewa. Mtoto wa jicho ameshakuwa mweupe kama nazi, au wa kahawia kama kahawa, na mwanga haupenyi kufika retina. Mashine ya mwanga inaandika kosa, jicho hilo hilo linalohitaji upasuaji kuliko mengine. Vyanzo vya mwanga vyenye wimbi refu zaidi hupenya vizuri zaidi, si kila mara. Kwa hiyo usikitupe kipimo cha sauti. Mashine nafuu ya kwetu ingekuwa na vyote viwili kwenye sanduku moja, kile cha sauti kikitumika kwa njia ya kuzamisha kwenye maji ili konea isibonyezwe. Sijaona anayeitengeneza kwa bei ninayoiota.

Mashine za msaada je? Si ni bure?

Hospitali moja ya wilaya ilipokea hadubini ya upasuaji kutoka Marekani. Nzuri, yenye chapa kubwa, imetunzwa. Ilikuwa ya volti 110. Waliichomeka kwenye 230 mbele ya wageni, na sherehe ikaishia kwenye harufu ya waya ulioungua. Nilipofika wiki mbili baadaye ilikuwa imefunikwa shuka la kijani kwenye korido, na juu yake kadi ya pongezi.

Transfoma ya kushusha umeme ingezuia yote. Siku hizi nikiombwa ushauri naandika karatasi ya maswali manne tu kwa mtoaji: volti ngapi, balbu aina gani na tano za akiba ziko wapi, mwongozo wa fundi uko wapi, lenzi ya mbele ina umbali gani wa kazi. Swali la mwisho linasahaulika. Hadubini ya masikio au ya meno inaweza kuja na lenzi ya umbali usiomfaa mpasuaji wa macho, akalazimika kufanya kazi mikono ikiwa juu kama anapaka dari rangi.

Ukibadilisha balbu ya halojeni kwa taa ya LED, angalia rangi. LED ya bei ya chini kabisa ina buluu nyingi na wekundu mdogo, na mng'ao unafifia. Chagua yenye weupe wa joto.

Kwa nini picha ya hadubini yetu imekuwa na utandu kama buibui?

Kwa sababu ni ukungu, na ni hai. Ukifungua lenzi na kuishika kwa mshazari chini ya taa utaiona mizizi yake, nyuzi nyeupe zikitambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Inakula vumbi na alama za vidole, na asidi inayoitoa inachimba rangi ya kinga juu ya kioo. Mapema inafutika kwa karatasi ya lenzi na pombe ya isopropili. Ikishachimba haitoki, lenzi imekufa.

Pwani, kuanzia Tanga hadi Lindi, ndilo tatizo langu namba moja, kabla ya umeme. Dawa yake ni ya bei ya soda: mfuniko usioshika unyevu, chembe za silika ndani ya chupa yenye matundu, na mtu mmoja mwenye jukumu la kuzitazama. Zikiwa za buluu ni kavu, zikiwa pinki zimeshiba; zikaushe kwenye oveni, zirudishe. Wengine wanaweka lenzi kwenye kabati lenye balbu ndogo inayowaka usiku kucha. Inafanya kazi, mradi asitokee wa kuizima kubana umeme.

Simu haiwezi kufanya haya yote?

Yote, hapana. Baadhi, ndiyo. Andrew Bastawrous, daktari wa macho kutoka Uingereza, alikaa Nakuru, Kenya, na kutokana na kazi ile ikazaliwa Peek, ambayo ilionyesha kwamba simu inaweza kupima uoni na kupiga picha ya nyuma ya jicho kwa kifaa cha kushikiza. Ipo pia Arclight ya Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti: oftalmoskopu ndogo kama kalamu, inachajiwa na jua. Hizi ni za kumtafuta mgonjwa na kumleta. Akishalala mezani, simu iweke mfukoni.

Mwanga wenyewe hauunguzi jicho?

Unaweza. Hadubini iliyoachwa inamulika mahali pamoja kwa muda mrefu imewahi kuacha doa la kuungua kwenye retina za wagonjwa, hasa kwa mwanga wa buluu. Punguza mwanga usipouhitaji, weka kichujio, funika mboni unaposhona. OCT inatumia nguvu ndogo, chini ya miliwati 1 kwa mashine za nanomita 840, lakini mfano wako wa majaribio hauna wa kuuthibitisha isipokuwa wewe na kipima nguvu ya mwanga. Nunua hicho kabla ya diodi.

Vibali?

Tanzania ni TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa kifaa, NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa utafiti juu ya watu. Kenya kifaa kinapita Bodi ya Famasia na Sumu. Anza kuandika kumbukumbu za usanifu siku unayochora mchoro wa kwanza. Kuzitunga baadaye ni mateso.

Na akili mnemba?

Inasoma picha vizuri. Tuletee kwanza picha.

Naweza kujaribia jicho gani kabla ya kufika kwa mgonjwa?

Si lako wala la rafiki yako, hata mara moja. Tumia la mbuzi. Madaktari wanaojifunza upasuaji wanalitumia pia. Zungumza na mchinjaji mapema, mwambie ayatoe kwa uangalifu na kope akate, asiyaoshe kwa maji ya bomba. Yabebe kwenye sanduku la barafu, yakiwa yamefunikwa kitambaa chenye maji ya chumvi, yasiguse barafu yenyewe. Lichomeke kwenye kikombe kidogo kilichokatwa kwa ukubwa wake, libane kwa pini tatu, dondoshea maji ya chumvi kila baada ya dakika chache. Nenda alfajiri. Ukifika machinjioni saa nne, hadi urudi kwenye meza yako konea zimeshaingia wingu, na utakaa mchana kutwa ukidhani spektromita yako ndiyo mbovu.